Kiboko wa Jengo C

Jumatatu, 29 Machi 1993

Mkuu wa Chuo, Mwalimu Stanislausi, ameingia masjala leo kwa mara ya tatu tangu ahamie hapa miaka minne iliyopita. Mara ya kwanza alipotea akitafuta choo. Mara ya pili alikuja kuangalia kama chumba hiki kinaweza kuwa banda la kuku wa mradi. Leo kaja na kazi.

Chuo chetu cha ualimu kinatimiza miaka ishirini na mitano tarehe 12 Juni. Anataka kila Jumatatu nibandike ubaoni kichekesho kimoja nitakachokiokota kwenye majalada ya zamani, halafu siku ya sherehe nivisome vyote mbele ya mgeni rasmi.

"Watu wamenuna, Mama Getruda," akasema. "Wanangoja orodha ya kupunguzwa kazini, kila mmoja anamwangalia mwenzake kama mchawi. Wachekeshe kidogo."

Mimi nami naingoja orodha hiyo hiyo. Karani wa masjala, miaka arobaini na tisa, darasa la nane na kozi ya wiki sita ya kutunza majalada. Nani atamwacha huyo ampunguze mwenye diploma?

Kazi ya pili ni orodha ya wafanyakazi wote tangu 1968. Fundi ataichora kwenye ubao wa mninga utakaotundikwa ukumbini. "Wote," Mkuu akasema, "ila yule wa sukari. Huyo mruke."

Yule wa sukari ni Hasani Kudura, aliyekuwa mtunza stoo wetu. Mkewe, Mwanaupe, ndiye anayeuza maandazi getini. Kila asubuhi nikipita hunikaribisha kwa jina la mwanangu, "Karibu maandazi, Mama Kasmiri," nami hujibu, "Asante, nimeshakunywa chai." Mwaka wa kumi huu. Chai yenyewe siku nyingi sijainywa. Sukari imejaa madukani siku hizi mpaka inashika unyevu, mshahara ndio hauonekani. Lakini cha mwizi sili.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nimetoa ndoo mbili za maji masjala. Majalada ya 1974 yameota ukungu, yananuka kama soksi.

Jumatatu, 5 Aprili

Kichekesho cha kwanza. Barua ya mzazi kutoka Murangi, 1979. Alimleta mwanawe chuoni pamoja na kuku jike mmoja, akawakabidhi kwa Mkuu wa wakati ule, kisha akaandika: "Naomba kila mwisho wa muhula unitumie taarifa ya mtoto pamoja na taarifa ya mayai." Na majibu ya ofisi yapo, yamepigwa taipu, yana muhuri: mtoto wa ishirini na tatu katika darasa la watu thelathini, kuku wa kwanza.

Watu wamejaa ubaoni mpaka kengele ya pili. Hata mpishi mkuu, Leodgar, ambaye hajacheka tangu wapunguze mgawo wa mafuta, alikuja na mwiko mkononi akacheka. Kwa kawaida Leodgar huja masjala kuniomba majalada ya kuwashia moto. Leo hakuniomba.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimemaliza orodha. Watu mia na arobaini na mmoja. Nilipofika kwa Hasani nilipiga mstari kwa rula, tena kwa wino mwekundu. Sikuona haya yoyote.

Naandika hapa ili nikumbuke kwa nini. Mwaka 1983 magunia sita ya sukari yalipotea stoo. Mwaka ule robo kilo ilikuwa inatolewa kwa kadi, watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na walimu wazima walikuwa wanakunywa chai ya chumvi. Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, waliofika na Landrover wakamuuliza Hasani sukari iko wapi. Akasema ukuta wa stoo ulianguka Jumapili mvua ikinyesha, yeye yuko matangani Bunda, sukari ikayeyuka yote. Wakaenda kuutazama ukuta, ukuta mzima. Akasema aliujengesha Jumatatu iliyofuata kuokoa unga uliobaki, kwa fundi wa kupita ambaye hakuonekana tena. Wakasema una shahidi? Akasema mlinzi Bernado alimwambia getini, Bernado huyo akitoka kwenda likizo, kwamba ukuta umelala na ripoti kaiandika. Wakasema aitwe Bernado. Bernado alikuwa amezama na mtumbwi kwao Murangi wiki iliyotangulia.

Basi wakaja masjala. Nikafungua jalada la Stoo mbele yao, karatasi kwa karatasi. Nikafungua la Majengo. Hasani kasimama mlangoni, askari huku na huku, ananiambia, "Angalia vizuri, Mama Kasmiri." Nikawaambia, "Hakuna. Na kama haiko kwangu, haikuandikwa."

Wakasema kaivusha mpakani Sirari kwa magendo. Alifungwa miaka mitatu na nusu. Sasa yuko Bunda, anaziba kandili na majiko ya mafuta. Mkewe kabaki huku Musoma, mtaani kwetu Bweri, na watoto. Mimi tangu siku ile naringa kwamba masjala yangu haijapoteza karatasi hata moja.

Jumanne, 13 Aprili

Pasaka imepita, nyama sikuiona. Kichekesho cha wiki: mwanafunzi Mseti, mwaka 1972, aliomba ruhusa ya kumzika babu yake mara tatu, zote Ijumaa. Kwenye ombi la tatu Mkuu wa enzi zile kaandika pembeni: "Aruhusiwe. Ila babu azikwe kwa kina zaidi."

Mkuu wetu kanipiga begani. "Mama, unaona? Masjala ina faida. Nitawaambia wakubwa." Nimerudi Bweri kwa miguu, sikulisikia tope.

Ijumaa, 16 Aprili

"Karibu maandazi." Nimeshakunywa chai.

Jumatatu, 19 Aprili

Asubuhi nilibandika barua ya mapenzi ya 1969, ambayo mwalimu wa Kiswahili aliikamata, akaisahihisha na kuipa alama arobaini na moja kwa mia. Watu wamecheka. Mimi nilicheka nao mpaka saa nne.

Saa nne nilichomoa jalada ambalo sijaligusa miaka, W/7, Wanyama Waharibifu. Nyani kwenye shamba la mahindi, fisi jikoni, nikajua humu kuna vichekesho vya kutosha mpaka Juni. Folio ya kumi na nne ni karatasi ya daftari, mwandiko wa penseli. Nainakili kama ilivyo:

"Kwa Mkuu wa Chuo. YAH: KIBOKO. Ndugu, usiku wa kuamkia leo 27/3/83 mvua kubwa ilinyesha, na kiboko mmoja mkubwa alipanda kutoka ziwani akala mchicha wote wa jikoni. Nilimpigia debe, hakujali. Nilimwambia kwa sauti kwamba hapa ni Chuo cha Serikali, hakujali. Ndipo alipojikuna mgongo kwenye ukuta wa nyuma wa jengo C mpaka ukuta ukalala chini, mvua ikawa inaingia ndani kama mgeni wa kualikwa. Maji yanayotoka humo ni matamu. Kiboko aliyalamba mpaka alfajiri, ndipo akaondoka bila haraka. Mimi pia nilionja kidogo kwa ajili ya uchunguzi. Naomba bunduki au kuhamishwa. Wako katika ujenzi wa Taifa, Bernado, Mlinzi."

Jengo C leo ni chumba cha muziki. Mwaka 1983 lilikuwa stoo.

Nilikaa chini. Pembeni juu, kwa wino mwekundu: "F.14, W/7", na herufi za jina langu. Mwandiko wangu, mzuri, umelala kidogo upande wa kulia kama tulivyofundishwa. Kule kwenye kozi walitukaririsha: karani hasomi barua, anasoma kichwa chake, kichwa ndicho kinachoipeleka jaladani. Kichwa kinasema kiboko. Kiboko ni mnyama mharibifu. Nikaipeleka W/7 bila kuipandisha kwa Mkuu, nikarudi kwenye chai yangu ya chumvi. Na wale wa Landrover walipokuja kuuliza habari za ukuta, nikafungua majalada ya ukuta.

Sikupoteza karatasi. Ningeipoteza ningekuwa na nafuu.

Jumanne, 20 Aprili

Nimeirudisha jaladani. Jalada nimelirudisha rafu ya chini kabisa, nyuma ya taarifa za michezo.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua kutoka upande wa Butiama, mawe yake kama kunde. "Karibu maandazi, Mama Kasmiri, hata la moto moja." Nimeshakunywa chai. Sauti haikutoka vizuri, akauliza kama naumwa. Nikasema mafua.

Jumanne, 27 Aprili

Nimepata adhabu yangu mapema. Jana ilikuwa sikukuu ya Muungano, kwa hiyo kichekesho kilikuwa cha leo, na mimi sikuwa nacho. Wiki nzima nimeogopa kufungua jalada lolote. Mkuu kaja, kanikuta mikono mitupu, akasema, "Basi leo natafuta mwenyewe," akapiga magoti na suruali yake ya kitambaa. Katika majalada mia sita, mkono wake ukaenda nyuma ya taarifa za michezo.

Nilimsikia anaanza kucheka chini chini. Alipofika pale pa kuonja kwa ajili ya uchunguzi ilibidi akae sakafuni. Yeye kahamia hapa '89, jengo C kwake ni ngoma na magitaa mabovu. Machozi yanamtoka, anasema, "Mama, hiki ndicho cha kumalizia siku ya sherehe! Ulikuwa unanificha?"

Nikasema nilikuwa sijakifikia.

Nilipewa kazi ya kukinakili kwa herufi kubwa za kubandika. Nilinakili kila neno ila tarehe. Tarehe niliiacha kwa makusudi, na mwandiko wangu haukupinda hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 30 Aprili

Wanafunzi wameitungia wimbo. Wanaimba wakienda bwaloni: "Hapa ni Chuo cha Serikali! Hakujali! Nimekupigia debe! Hakujali!" Wanapita nao getini, wanaimba huku wananunua maandazi kwa Mwanaupe, naye anatabasamu, anawarudishia chenji.

Jumanne, 4 Mei

Leo Mwanaupe hakusema karibu maandazi. Alisema, "Mama Kasmiri, simama kidogo."

Nikasimama. Mvua ilikuwa inadondokea nailoni aliyofunikia beseni.

"Hawa watoto wanaimbaga kiboko kabomoa ukuta wa jengo C. Jengo C si ndio ile stoo ya zamani?"

"Ndiyo ile."

"Hiyo barua ni ya mwaka gani?"

Nikamwambia, "Haina tarehe, Mama Shani."

Akaniangalia. Ana macho ambayo hayaharakishi. "Kila barua iko na tarehe," akasema. "Wewe ndo ulikuwaga unatufundisha hivyo, ukileta barua haina tarehe unarudishwa."

Nikasema nachelewa. Niliingia ofisini nikajifungia na kipande cha muhogo nilichobeba.

Jumatano, 5 Mei

Nilipita geti la nyuma.

Alhamisi, 6 Mei

Geti la nyuma.

Jumatatu, 10 Mei

Geti la nyuma lina tope mpaka kifundoni. Leodgar kaniuliza namkimbia nani. Nikamjibu ovyo, mtu wa watu, hana kosa. Kichekesho cha wiki ni kikao cha 1975 kilichochukua saa tatu kujadili nani ale kichwa cha kambale. Wakaazimia kiliwe kwa zamu. Hakikunichekesha hata kidogo. Zamani nilikuwa nadhani watu wa kwenye majalada ni wapumbavu waliokwisha kufa. Sasa kila karatasi nikiishika najiuliza huyu naye alikuwa anaomba nini, na nani alisoma kichwa tu.

Jumamosi, 15 Mei

Nimekwenda Bunda. Folio ya kumi na nne ilikuwa kwenye mkoba, katikati ya kitabu cha sala. Katika miaka ishirini ya kazi ni karatasi ya kwanza kutoka masjala bila hati.

Nilimkuta Hasani nyuma ya stendi, kwenye kibanda cha mabati. Amezungukwa na kandili na majiko ya utambi, mikono myeusi. Kanenepa shingo, kakonda kila mahali pengine. Alinitambua kabla sijasema hodi.

"Mama Kasmiri. Leo masjala kafunga nani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye basi tangu Musoma. Yote yalinitoka. Nikampa karatasi.

Alivaa miwani yenye mguu mmoja, mguu wa pili ni uzi. Akasoma polepole, midomo inacheza. Alipofika kwenye debe akaanza kucheka. "Bernado bwana! Eti hapa ni Chuo cha Serikali! Kweli alikuwaga hivyo, huyo mtu angeweza kumwomba fisi kitambulisho." Akaendelea. "Ameonja! Kwa ajili ya uchunguzi!" Alicheka mpaka akavua miwani, akajifuta kwa kiwiko. Jirani yake muuza viazi naye akacheka bila kujua nini. Mimi pia nilitabasamu, Mungu anisamehe, nilidhani tumefika.

Halafu akavaa miwani tena, akaisogeza karatasi karibu.

"Mwandiko huu mwekundu ni wa nani?"

"Wangu."

"Ilikuwa kwako."

"Ilikuwa kwangu. Niliiweka kwa wanyama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

Alichukua kandili ya mtu, akaiwasha kuijaribu, akaizima, akaiwasha. Nilimwambia nilisoma kichwa tu, ndivyo tulivyofundishwa, sikujua, ningejua ningeapa kwa Biblia. Nilisema sana. Mtu mwenye haki hasemi sana.

"Uliwaambia haikuandikwa," akasema mwisho. "Ungesema haionekani, wangetafuta. Wewe ukasema haikuandikwa. Nilikusikia, nilikuwa mlangoni."

"Nilisema hivyo."

"Mama yangu alikufa mimi niko ndani. Walimzika, mtu wa kumshusha kaburini akawa jirani." Alisema hivyo kama anavyotaja bei ya utambi. "Na huko Musoma sasa mnaicheka."

Kumbe Mwanaupe alikwisha kumwambia habari za wimbo. Alikuwa anangoja karatasi tu.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema mshahara wa miaka ile hataki, maana hautatoka. Kesi hataki, maana hana nauli ya kesi. "Nasikia mnachora ubao wa majina. Jina langu liweko. Mtunza stoo, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Basi. Na hiyo pole unayoitafuta mdomoni, kaa nayo, Mama Kasmiri. Mimi siko na pa kuiweka."

Nilipotaka kuondoka aliniita. Akarudisha karatasi mkononi mwangu. "Irudishe kwenye jalada, safari hii mahali pake. Nikikaa nayo mimi watasema nimeiandika mwenyewe."

Wakati wa kurudi basi liliharibika Kiabakari. Nilikaa kwenye jiwe saa mbili, sikuona hata nani alikuwa ananyeshewa pamoja nami.

Jumatatu, 17 Mei

Nimeirudisha, jalada la Stoo, folio ya themanini na mbili. Kwenye W/7 nimeacha kikaratasi cha kawaida: "F.14 imehamishiwa Stoo. Ilikosewa." Nimetia sahihi. Kisha nikapanda kwa Mkuu, nikamwambia yote, hata la tarehe.

Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Alifunga mlango. Alitikisa kichwa mara nyingi. Halafu akasema, "Mama, mtu kafungwa, katoka, maisha yanaendelea. Tukifufua hili sasa, nani atajibu? Waliohusika wengine ni wakubwa. Na ubao umekwisha kuchorwa, fundi kamaliza Jumamosi."

"Jina moja tu, Mwalimu."

"Baada ya sherehe tutaangalia." Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Orodha ya kupunguzwa bado haijatoka. Mimi nakutetea huko. Usinifanye nionekane natetea kichaa."

Nilishuka ngazi. Nina miaka arobaini na tisa na nyumba ya Bweri haina dirisha upande mmoja. Naliandika hili ili asije mtu akadhani nilikuwa shujaa.

Jumatatu, 24 Mei

Nimeanza kupita geti la mbele. Mwanaupe hasemi karibu.

Jumanne, 1 Juni

Mvua zimekatika. Nimemwandikia Hasani barua, nikampa dereva wa basi: njoo tarehe 12, nitasema mbele ya watu. Nimeiwekea tarehe.

Jumamosi, 12 Juni

Ukumbi ulijaa, madirishani watu, mgeni rasmi na suti ya kijani. Ubao wa mninga umetundikwa juu ya jukwaa. Majina mia na arobaini, manjano juu ya rangi ya kahawia, mazuri. Hasani alikuja. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kanzu iliyopigwa pasi na koti la zamani la chuo, lile la kijivu tulilokuwa tunagawiwa. Mwanaupe alisimama nje ya dirisha na beseni lake.

Nilisoma kuku na mayai yake. Wakacheka. Babu wa Mseti, wakacheka mpaka mgeni rasmi akapiga meza. Barua ya mapenzi, kichwa cha kambale. Nikafika kwenye kiboko, na kabla sijafungua mdomo wanafunzi wote wakaitikia, "Hakujali!" Nikaisoma yote, nikaanza na tarehe.

Kisha sikukaa. Nikasema, "Jengo C wakati ule lilikuwa stoo. Maji yalikuwa matamu kwa sababu yalikuwa sukari ya chuo, magunia sita."

Wakacheka. Nilikuwa sijalitegemea hilo. Kwa miezi miwili na zaidi nimewazoeza kwamba nikifungua mdomo wacheke.

Nikapaza sauti. "Barua hii niliiweka mimi kwenye jalada la wanyama. Kwa sababu hiyo mtunza stoo Hasani Kudura aliitwa mwizi, akafungwa miaka mitatu na nusu kwa sukari iliyolambwa na kiboko."

Ndipo walipocheka zaidi kuliko yote. Kijana mmoja akapiga kelele, "Angefungwa kiboko!" na ukumbi ukapasuka. Mgeni rasmi alikuwa anajifuta macho kwa leso. Mkuu peke yake hakucheka. Nikatazama nyuma nikamwona Hasani. Kakaa wima, mikono magotini, anaangalia mbele kama mtu anayepigwa picha.

"Yule pale!" nikapiga kelele, na sauti yangu ilikuwa mbaya. "Siwachekeshi! Yule pale, kakaa!"

Vichwa vikageuka. Kicheko kikafa benchi moja baada ya jingine, kutoka nyuma kuja mbele, mpaka akabaki mgeni rasmi anacheka peke yake, naye akanyamaza, akamuuliza jirani yake kuna nini. Kila mtu akawa anamtazama mzee mmoja na koti la kijivu. Pengine sekunde kumi. Mkuu akachukua kipaza sauti. "Tumshukuru Mama Getruda kwa vichekesho vyake. Sasa kwaya."

Kwaya ikaimba.

Nilimkimbilia Hasani, nikamkuta nje anavua koti, analikunja. Nikamwambia, Baba Shani, nisamehe, sikujua watacheka.

"Siku ile walionihukumu hawakucheka hata mmoja," akasema. "Afadhali ile."

Akaenda stendi. Mwanaupe alimfuata na beseni kichwani.

Nilirudi ukumbini watu wakiwa kwenye pilau. Nikapanda kwenye kiti, nikatoa kalamu yangu nyekundu ya masjala, na chini ya jina la mwisho nikaandika: HASANI KUDURA, MTUNZA STOO, 1970–1983. Ni jina pekee kwenye ubao ule lililoandikwa kwa mkono. Limeinama kidogo upande wa kulia.

Jumatatu, 14 Juni

Mkuu kaliona. Kasema nimeharibu mali ya chuo, niandike maelezo. Nimeandika. Leodgar kanipitishia ukoko wa pilau la Jumamosi, kasimama mpaka nimemaliza.

Jumatatu, 28 Juni

Barua ya kupunguzwa imefika. Mkuu kaniletea mwenyewe, hakuketi. Nilidhani ni kwa sababu ya ubao, au ya kelele zangu mbele ya mgeni rasmi, na kwa kweli ningeona fahari kidogo. Lakini mimi ni karani, barua naanza na tarehe. Imeandikwa wizarani tarehe 15 Machi. Wiki mbili kabla ya kuku na mayai. Nilipoiacha tarehe ya Bernado, nilipomdanganya Mwanaupe mvuani, nilipopita geti la nyuma, nilikuwa nimekwisha kupunguzwa. Nilikuwa nalinda kazi ambayo sina.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ilikuwa siri, Mama," akasema.

Nimeipa namba, nimeiweka kwenye jalada langu.

Ijumaa, 2 Julai

Nimekabidhi funguo. Hakuna karani mwingine anayekuja. Majalada ya kabla ya 1985 yatakwenda jikoni, kuni zimepanda. Lile la Stoo Leodgar kaniahidi hatalichoma. Jina ukumbini bado lipo, limepauka kidogo.

Nilitoka kwa geti la mbele. Nilikuwa na noti niliyoiandaa tangu jana, na nilikuwa na njaa kweli. Nikasimama mbele ya beseni. Lilikuwa limejaa, kitambaa kimeinuka juu, mvuke unatoka pembeni.

"Shikamoo, Mama Shani," nikasema, ingawa mimi ndiye mkubwa. "Nipe maandazi mawili."

Hakuitikia. Alinitazama kwa yale macho yasiyoharakisha, akavuta kitambaa akalifunika beseni vizuri pande zote.

"Yamekwisha," akasema.